Mkubwa wa Kulipa, Mdogo wa Kupanda

Mimi nauza nguo za watoto, mitumba, katika Soko la Kongowea. Niletee mtoto nimtazame mara moja, nitakwambia suruali yake ni ipi katika rundo zima, na mara nyingi sikosei. Nguo nyingi zinazotoka Ulaya huwa na kipande cha kitambaa shingoni kilichoandikwa vitu viwili pamoja, umri na urefu: miaka 5–6, sentimita 116. Wateja wangu hawakisomi. Wao humgeuza mtoto, huliweka gauni mgongoni mwake, huvuta mabega, ndipo huuliza bei. Na wakishauliza bei bado watasema, "Dada, hebu ajaribu kwanza." Namjaribisha. Sijawahi kumwambia mama alipe kwanza halafu ndipo ajue kama nguo inamtosha mwanawe. Nikifanya hivyo hapa sokoni, kabla ya alasiri watu watakuwa washanivunjia meza.

Nimeanza na hilo kwa sababu likizo ya Agosti niliwapeleka watoto wa kaka yangu mahali pa michezo ya watoto, na tangu siku ile kuna swali limenikaa rohoni. Siku ile mtoto alidanganywa. Sijui bado nimhesabu nani kuwa ndiye aliyemdanganya, wao au mimi.

Mahali penyewe sitapataja. Nikipataja mtasema shida iko pale, hali wewe uliyewahi kumpeleka mtoto popote penye geti, mkanda wa karatasi wa kufungwa mkononi na ubao wa kupimia urefu, wajua kwamba haiko pale tu.

Yalianza Idd. Idd ikifika, watoto wa Mombasa huvuka daraja kwenda Makadara, pembeani. Utawaona na nguo mpya, mifuko imejaa sarafu za Idd, wakizunguka na kupiga kelele hadi usiku. Mwaka huu, Idd ya kuchinja, mdogo wetu hakwenda. Ni msichana wa miaka sita na homa ilimshika usiku wa kuamkia sikukuu. Kakake wa miaka tisa alikwenda na majirani, akarudi na puto na hadithi. Mdogo akalia mpaka koo likamkauka. Mimi, ili anyamaze, nikamwambia, "Usilie. Likizo nitakupeleka mahali pakubwa kuliko Makadara. Kuna treni inapanda juu inashuka." Nilikuwa nimeiona kwenye simu, tangazo lenye picha ya mtoto wa kimo chake, mikono juu, mdomo wazi.

Akanyamaza. Nikajiona hodari.

Ahadi ya kumnyamazisha mtoto haimgharimu mtu kitu siku ile anapoitoa. Lakini ahadi ni deni, na sijaona mdai kama mtoto. Kila Jumamosi aliniuliza zimebaki Jumamosi ngapi. Aliichora ile treni kwenye daftari la hesabu, na ndani yake akatuchora sote wanne: yeye, kakake, mimi na bibi yake, mamangu, na leso yake ikipepea nyuma kama bendera.

Siku ilipofika nilikuwa na shilingi elfu mbili, nauli kando. Nilipiga hesabu kwa lile tangazo: "Watoto 500." Watoto wawili, elfu moja. Elfu inayobaki ni ya aiskrimu na soda. Mamangu alikaanga viazi vya karai, akafunga mahamri kwenye kitambaa, akajaza chupa ya maji ya ukwaju. Tukapanda tuktuk, mdogo amekaa mbele kabisa karibu na dereva, hageuki nyuma.

Getini palikuwa na ubao wa bei, mdogo, ndani ya kioo, nyuma ya kichwa cha dada wa tiketi. Mtu mzima 600, anayepanda na asiyepanda. Mtoto wa miaka 5 hadi 12, 500. Chini ya miaka 5, bure. Nikajumlisha: 2,200.

"Mamangu hapandi kitu," nikasema. "Atakaa tu."

"Anayeingia ndiye anayelipa," dada akajibu. Hakunijibu kwa ubaya. Nadhani sentensi hiyo aliisema mara mia siku ile.

Nyuma yetu kulikuwa na foleni. Nikamtazama mdogo. Ni mfupi kwa umri wake. Nguo ninazomchagulia ni zile za miaka 4–5, sentimita 110, na humbakia nafasi mikononi. Nikafanya hesabu nyingine, ile ambayo wengi wenu mmeifanya hata kama hamtasema. Mdogo akiwa na minne, jumla ni 1,700, na mamangu anaingia.

Nikasema, "Huyu mdogo ana miaka minne."

Yeye akainua uso, si kwa hasira, kama mtu anayemsaidia mwenzake aliyesahau. "Shangazi, mimi nina sita."

Dada wa tiketi akatabasamu. Watu wa foleni wakacheka kidogo. Mamangu akanivuta mkono. "Mimi nitakaa hapa nje, chini ya mwarobaini. Nendeni nyinyi." Nikalipa 1,600. Kisha soja akafungua kikapu. Chakula cha nje hakiruhusiwi. Kikapu kikabaki na mamangu. Na ukitoka hurudi mpaka ulipe tena, hilo tuliambiwa tukiwa tushafungwa ile mikanda ya karatasi.

Ndani, mtelezo mmoja ulikuwa umezungushiwa kamba. Jumba la hewa la kurukia lilikuwa limelala chini kama hema lililoangushwa, umeme, wakasema. Haikuwa kitu. Mdogo hakuyaangalia hayo, alikwenda moja kwa moja kwenye treni, akapanga foleni peke yake, mikono nyuma kama yuko shuleni. Na mwisho wa foleni, hatua chache kutoka kwenye viti, palikuwa na ubao mwingine, huu mkubwa, uliochorwa twiga, na mstari mwekundu kwenye shingo ya twiga. Sentimita 120.

Kijana wa treni alimpima mara mbili. Alimwambia asimame wima, akamvua ule mshipi wa nywele uliokuwa unamwongezea kimo, akapima tena. Kisha akachutama, akamwambia yeye mwenyewe, hakuniambia mimi: "Dada yangu, bado kidogo. Treni hii haiwezi kukushika vizuri." Namheshimu kijana yule mpaka leo.

Mdogo hakulia. Alikuja akanishika mkono, akanivuta kuelekea getini. "Twende tukamwambie yule dada. Mwambie ulikosea. Mwambie nina sita."

Ilinichukua muda kuelewa. Kwa akili yake, alikataliwa kwa sababu ya neno langu. Mimi nilisema ana minne, basi wakamfanya wa minne. Dawa ni kurudi na kusema kweli. Nilimweleza kwamba hapana, ni urefu, si umri, hata ungesema nini. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Lakini tumelipa ya sita."

Sikuwa na jibu. Sina hakika kama ninalo sasa, lakini nimejaribu kulitafuta, na ninayoandika hapa ni matokeo ya kulitafuta huko.

Kwanza niwape haki yao. Kanuni ya urefu ni kanuni nzuri. Chuma kinachoshuka mapajani kumshika mtu ndani ya treni kimetengenezwa kwa mwili wa kiasi fulani. Mwili ukiwa mdogo zaidi, mwanya hubaki, na treni inapokata kona mtoto aweza kuchopoka. Chuma hakijui cheti cha kuzaliwa, chajua mapaja. Kama kijana yule angemhurumia mdogo akampitisha, angekuwa amemfanyia ubaya mkubwa kuliko wote niliouona siku ile, na ungekuwa umevaa sura ya wema.

Kanuni ya umri nayo ina mantiki yake. Dada wa tiketi hawezi kumpima kila mtoto. Umri ni rahisi kuuliza. Nao wana gharama: umeme, mafuta ya jenereta, mishahara, bima, vyoo. Hata yule mtu mzima asiyepanda atatumia choo na kiti na kivuli. Sisemi ni wezi.

Lakini zitazame hizo kanuni mbili pamoja, kama zilivyo pamoja kwenye kile kipande cha kitambaa shingoni mwa gauni. Getini mtoto hupimwa kwa miaka, kwa sababu miaka inaleta pesa. Kwenye treni hupimwa kwa sentimita, kwa sababu sentimita inaepusha hatari. Mtoto ni yule yule, asubuhi ni ile ile, naye ni mkubwa wa kulipa na mdogo wa kupanda. Kanuni moja moja, kila moja ina haki. Kosa liko katika mpangilio wake. Sanduku la pesa limewekwa kabla ya twiga.

Kumhamisha twiga kunagharimu nini? Ubao mmoja na misumari. Msimamishe nje ya geti, pale foleni inapoanzia, na uandike chini yake: chini ya mstari huu, michezo mitatu, juu yake, yote. Ningempima mdogo chini ya mwarobaini, ningejua, ningechagua. Pengine tungeingia bado. Pengine tungegeuza tuktuk. Kama ni rahisi hivyo, mbona haifanywi? Jibu ninaloliona ni moja: pesa huingia vizuri zaidi twiga akiwa ndani.

Kuna mwanauchumi, Walter Oi, aliyeandika mwaka 1971 makala kuhusu swali hili hili, akitumia mfano wa Disneyland kule Marekani. Aliuliza: mwenye bustani ya michezo atapataje faida kubwa zaidi, atoze sana getini na pembea ziwe rahisi, au atoze kidogo getini na kila pembea iwe na bei yake? Kwa ufupi sana, jibu lake ni kwamba wateja wakiwa wanafanana, faida kubwa iko getini. Uza pembea kwa gharama yake tu, halafu ile furaha yote ambayo mteja angekuwa tayari kuilipia, itoze mlangoni. Wateja wasipofanana, hesabu hubadilika. Disneyland yenyewe ilipofunguliwa Julai 1955 ilitoza getini na kwa kila mchezo pia, na vitabu vya tiketi vilitumika hadi 1982, ndipo tiketi moja ya mlangoni ikawa inafungua kila kitu.

Mimi si mchumi, lakini mtu wa soko huelewa upesi. Bei ya getini hailipii furaha uliyoipata. Inalipia ile unayoitarajia. Na matarajio ya mdogo wetu yalikuwa treni moja tu, ile ya kwenye tangazo, ambayo kwa mwili wake haikuwepo tangu mwanzo. Tuliuziwa picha.

Linganisha na Makadara siku ya Idd. Pale uwanja ni wa kila mtu. Unalipa pembea unayoipanda. Mwenye pembea akimwona mtoto ni mdogo mno, anamrudisha, na sarafu inabaki mkononi mwa mtoto, anakwenda nayo kununua mabuyu. Bibi anatandika leso chini anakaa bure. Sisemi pembea za Makadara ni salama kuliko zile. Sikuona twiga pale. Nasema tu kwamba pale ukikataliwa, unakataliwa na pesa yako mfukoni. Au matatu: mtoto ukimpakata halipi, akikalia kiti analipa. Hakuna anayemuuliza umri. Kiti ndicho kinacholipiwa, na kiti kinaonekana.

Nenda Fort Jesus. Pale raia ana bei yake na mgeni wa ng'ambo ana yake, mtoto yake na mtu mzima yake. Waweza kubishana kama ni haki mtu alipe zaidi kwa sababu ya pasipoti, na hilo ni swali zuri. Lakini kila mmoja anaambiwa bei na anachokwenda kuona: ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Ngome haikui wala haipungui kwa kimo chako. Au Haller Park kule Bamburi, yale mashimo ya mawe ya kutengenezea saruji ambayo René Haller alianza kuyapanda miti mwaka 1971 mpaka yakawa msitu, watu wakaanza kuruhusiwa kuingia mwaka 1984. Kobe mkubwa wa pale hakuulizi una sentimita ngapi. Nataja hizi kuonyesha kwamba geti si dhambi. Bei si dhambi. Hata bei zisizo sawa zaweza kuvumilika zikisemwa mapema.

Rafiki yangu mmoja, nilipomsimulia, aliniambia kile ambacho huenda nawe wakifikiria sasa. "Kwani ulilazimishwa? Biashara ni yao. Uliona bei, ungerudi."

Ni kweli, miguu ilikuwa yangu. Lakini fikiria ninachoacha nikirudi. Mteja wangu akiona gauni ni ghali, analirusha kwenye rundo na kwenda meza ya pili, hajapoteza kitu. Mimi pale getini nikigeuka, sipotezi treni. Napoteza neno langu mbele ya mtoto aliyehesabu Jumamosi tisa. Geti linalijua hilo. Ndiyo maana tangazo huwa na picha ya mtoto, na bei ya mtu mzima huwa ndani ya kioo. Ahadi anaitoa mzazi, kwa mapenzi yake, nyumbani kwake, bure. Halafu ikifika mlangoni, ahadi hiyo hiyo inatumiwa kumshika shati. Hapo ndipo ninaposema kuna kosa la kweli, zaidi ya usumbufu. Si kwamba walichukua pesa yangu. Walijua siwezi kusema "hapana" bila kuwa mwongo machoni pa mtoto, wakapanga meza yao kwa kulitegemea hilo.

Na Katiba yetu ya 2010 haiko kimya. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazozihitaji ili anufaike kikamilifu na anachokinunua. Kifungu cha 53 kinasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Ule Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unataja katika kifungu cha 31 haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Sidhani nitakwenda mahakamani kwa shilingi 500. Lakini nimeona ni vyema kujua kwamba niliyoyasikia moyoni pale kwenye treni si uchoyo wa mtu wa Kongowea asiyezoea mambo makubwa.

Sasa nije kwangu, kwa sababu mpaka hapa nimejitetea vizuri mno.

Nilipotamka "minne", nilikuwa na sababu nzuri. Sikutaka kuiba, nilitaka mamangu aingie. Aliyekaanga viazi tangu alfajiri, aliyechorwa ndani ya treni, alistahili kuona wajukuu wake wakicheka. Walt Disney alisimulia kwamba wazo la bustani yake lilimjia akiwa amekaa kwenye benchi huko Los Angeles akitafuna njugu, akiwatazama binti zake kwenye pembea ya kuzunguka, akajiuliza mbona hakuna mahali ambapo mzazi na mtoto wanafurahi pamoja. Basi biashara yote hii, duniani kote, imepata mengi kutoka kwa mzazi aliyekaa kwenye benchi. Na mzazi wa kwenye benchi ndiye mamangu. Ukinihukumu kwa sababu tu, nitashinda kesi.

Immanuel Kant aliandika mwaka 1797 kwamba hata muuaji akikugongea mlango akuulize rafiki yako yuko wapi, huna ruhusa ya kumdanganya. Watu wamemcheka kwa hilo zaidi ya miaka mia mbili, nami nilikuwa mmoja wao darasani. Bado nadhani alizidisha. Lakini wote, yeye na waliomcheka, walimfikiria aliyeko mlangoni. Uongo wangu haukumdhuru aliyeko mlangoni; dada wa tiketi alitabasamu na kuendelea na kazi. Ulimfikia yule niliyemshika mkono. Yeye ndiye aliyesikia shangazi yake akimpunguza miaka miwili mbele ya watu, kwa sauti ya kawaida kabisa, na nusu saa baadaye akaambiwa na mtu mwingine kwamba ni mdogo. Yeye aliunganisha. Na kwa kweli hakukosea sana. Nilimfanya mdogo ili nilipe kidogo. Wao walimfanya mkubwa ili walipwe zaidi. Hakuna kati yetu aliyemtazama alivyo.

Saa saba watoto waliona njaa. Sahani ya chipsi ndani ilikuwa 350. Tukanunua moja, watu watatu. Kakake alikuwa amepanda treni mara mbili, kwa kulazimishwa nami, na kila iliposhuka alikuwa anabana uso asionekane amefurahi mbele ya dadake. Ndipo tukasikia mtu akiita. Mamangu alikuwa amezunguka ua mpaka akatuona, anapitisha mahamri moja moja kwenye matundu ya waya. Soja akaja mbio. Akamwona mamangu, akaona mahamri, akasimama. Kisha akageuka akatupa mgongo, akawa anaangalia barabarani kama kuna kitu huko.

Tulipotoka alinisemesha mwenyewe. "Usinione mbaya, dada. Mimi wangu watatu hawajaingia humu hata siku moja."

Ndani ya tuktuk mdogo alilala. Mamangu alingoja mpaka alipolala kabisa, kisha akaniambia ile hadithi ambayo sote tuliisikia chuoni, ya mwanamke aliyemwita mwanawe akimwambia njoo nikupe kitu. Mtume akamuuliza alikusudia kumpa nini. Akasema tende. Akaambiwa, lau hungempa chochote, ungeandikiwa uongo.

"Sasa mama, mimi nilikusudia," nikamwambia. "Nilimpeleka. Nimelipa."

"Walipa, ndiyo. Lakini wakati wamwambia, ulikuwa na tende mkononi?"

Sikuwa nayo. Hilo ndilo jibu la swali nililoanza nalo, au kipande chake. Niliahidi kitu ambacho hakikuwa changu cha kutoa, kilichokuwa cha mtu mwingine, chenye masharti ambayo sikuyauliza. Geti lilinificha twiga, ni kweli, nami nina haki ya kulilaumu. Lakini namba ya simu ilikuwa kwenye tangazo. Ningepiga nikauliza: mtoto wa kimo hiki atapanda nini? Sikupiga kwa sababu siku ya ahadi sikuwa nawaza treni. Nilikuwa nawaza kilio kiishe. Wao waliuza picha, nami nilikuwa nishaiuza kabla yao, kwa bei ya kunyamaza kwa mtoto.

Siongezi hili ili tugawane makosa nusu kwa nusu twende nyumbani. Makosa hayalingani. Mimi nilikosea mara moja kwa pupa. Geti lile limejengwa kwa saruji na litafanya vivyo hivyo Jumamosi ijayo kwa mtoto mwingine. Mwenye geti ana deni la ubao mmoja na misumari, na namtaka alilipe. Lakini kwa mdogo, anayedaiwa ni mimi, kwa sababu dada wa tiketi hakumwahidi chochote.

Wiki iliyofuata nilimpeleka Pirates, ufuo wa umma, ambao getini kwake hakuna mtu. Tulikodi mpira wa gari wa kuelea, mamangu akakaa mchangani na kikapu chake kizima. Hata bahari ina kipimo chake. Nilimwambia maji yasipite kiuno, na nilimwambia hivyo tukiwa bado nchi kavu. Alifurahi. Hakusahau treni lakini. Msidhani watoto hubadilishana kitu kwa kitu hivyo.

Kisha siku moja baada ya shule alikuja mezani kwangu sokoni. Nikatoa futi ya fundi, nikamsimamisha kando ya nguzo ya kibanda, nikampima mbele ya macho yake. Nikampa futi asome mwenyewe. Mia moja na nane. Nikamwambia: "Una miaka sita na una sentimita mia na nane. Siku ile nilisema uongo, na hukukataliwa kwa sababu ya uongo wangu, lakini ulikuwa uongo. Treni inataka mia na ishirini. Sijui utafika lini. Sikuahidi."

Akaitazama futi, akahesabu kwa vidole zilizobaki. Kumi na mbili. Akachukua kalamu yangu ya bei, akachora mstari kwenye nguzo juu ya kichwa chake, na mwingine kule juu kwenye mia na ishirini, nikiwa nimemwinua.

Mistari iko pale bado. Mama mmoja alikuja juzi na gauni mkononi, peke yake, akauliza kama litamtosha bintiye wa miaka saba. Shingoni limeandikwa miaka 7–8, sentimita 128. Ningeweza kusema ndiyo, na ilikuwa siku mbaya ya biashara. Nikamwambia amlete mtoto kwanza.